Simu ya Mkono na Moyo wa Mama Anayeuguza

(Muziki wa kufungulia, kisha unashuka taratibu.)

 

Mara nyingi katika kipindi hiki tunazungumza juu ya mtoto. Tunakuambia umpeleke chanjo, umlaze ndani ya chandarua, umpe maji, umpe dawa kwa saa yake. Leo tutazungumza juu yako wewe unayempa hiyo dawa. Nani anakuuliza umelalaje? Nani anakuuliza umekula?

Mada yetu ya leo ni hii: mama anayeuguza mtoto mwenye ugonjwa wa muda mrefu anawezaje kupata msaada wa moyo na akili kupitia simu yake ya mkono?

Tunaposema ugonjwa wa muda mrefu, tuna maana ya ugonjwa usioisha kwa dozi moja. Kuna siko seli, ambao wengine huuita selimundu. Kuna kifafa, kisukari, pumu, ugonjwa wa moyo na saratani. Mtoto huishi nao mwaka baada ya mwaka, na mlezi huishi nao pia. Leo nitatumia siko seli kama mfano, kwa sababu watu wa pwani tunaujua. Lakini mengi nitakayosema yanamhusu kila mlezi, ugonjwa uwe upi.

MZIGO USIOONEKANA

Wazee walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Anayeutazama kwa mbali huona mwepesi. Hebu tuuone mzigo huu kwa karibu.

Mtoto mwenye siko seli hupewa vidonge vya foliki asidi. Mpaka atimize miaka 5, hupewa penisilini mara 2 kwa siku ili kumkinga na maambukizi. Hupewa dawa ya kuzuia malaria, kwa kuwa malaria ni hatari sana kwake. Watoto wengine hupewa pia dawa iitwayo haidroksiyurea, ambayo hupunguza vipindi vya maumivu, na hawa huhitaji kupimwa damu mara kwa mara. Mtoto anatakiwa anywe maji mengi na asipigwe na baridi. Anatakiwa ahudhurie kliniki hata siku ambayo anacheza vizuri.

Hayo ni ya mchana. Usiku mama analala jicho moja. Mtoto akigeuka, mama ameamka. Akilia, mama anajiuliza: ni ndoto, au ni ile mifupa imeanza tena? Anamgusa paji la uso mara 3, mara 4, mpaka kunakucha.

Kisha kuna mambo ya pesa. Mtoto akilazwa wiki moja, genge la mboga limefungwa wiki moja. Aliyekuwa na kibarua cha kufua nguo huko Diani huenda akarudi akakuta mwingine amechukua nafasi yake. Watoto wengine nyumbani wanasema, mama hatupendi sisi, anampenda mgonjwa tu. Na jirani naye hakosi la kusema.

Mama msikilizaji, mtu akibeba mzigo kama huu miezi na miaka bila kupumzika, mwili na akili huchoka. Usingizi huruka. Kichwa huuma. Hasira huwa karibu. Huanza kusahau, hata mambo anayoyajua vizuri. Huo si uvivu wala udhaifu wa imani. Ni mwili unaosema, nimechoka.

Na hapa ndipo pana hatari. Mama akizidiwa, dawa ya jioni husahaulika. Siku ya kliniki hupita. Homa iliyoanza asubuhi hugunduliwa usiku. Kwa hiyo kuutunza moyo wa mama ni sehemu ya matibabu ya mtoto. Usione haya kujitafutia msaada kwa kudhani unamnyima mtoto haki yake. Unapojisaidia wewe, unamsaidia na yeye.

TUANZE KWA KUTUA LAWAMA

Kuna mzigo mmoja ambao unaweza kuutua leo hii, kabla hujapiga simu yoyote. Huo ni mzigo wa lawama.

Akina mama wengi huambiwa: ukoo wenu una mkosi. Au huambiwa: ulikula nini ulipokuwa mjamzito? Wengine hushukiwa uchawi. Wengine wameachwa kwa sababu ya maneno hayo.

Ukweli ni huu. Siko seli ni ugonjwa wa kurithi. Mtoto huzaliwa nao ikiwa amepokea chembe ya urithi ya siko seli kutoka kwa mama na nyingine kutoka kwa baba. Wazazi wote wawili wanaweza kuwa wazima kabisa, kwa sababu mwenye chembe moja tu kwa kawaida haumwi. Wazazi wa namna hiyo wakikutana, katika kila mimba kuna uwezekano wa 1 kati ya 4 kwamba mtoto atakuwa na ugonjwa. Si mama peke yake, si baba peke yake.

Na kwa nini ugonjwa huu ni mwingi kwetu pwani? Mwaka 1949, mtafiti mmoja aliyekulia hapa Kenya, Anthony Allison, alipima damu za watu sehemu mbalimbali za nchi. Aliona kwamba chembe hiyo ilikuwa nyingi kwa watu wa pwani na wa kando ya Ziwa Victoria, na chache kwa watu wa nyanda za juu. Mwaka 1954 alieleza sababu yake. Mtu aliyerithi chembe moja tu hupata kinga ya kiasi dhidi ya malaria kali. Penye mbu wengi, watu hao walinusurika malaria, wakazaa, wakawarithisha watoto wao. Kwa hiyo chembe hiyo iliwalinda babu na bibi zetu. Haikuletwa na laana, wala na kitu ulichokula.

Baba unayesikiliza, maneno hayo yanakuhusu. Usimwachie mkeo lawama ambayo si yake.

JIULIZE MASWALI HAYA

Kuchoka kwa siku moja ni kawaida. Lakini jiulize, kwa muda wa wiki 2 zilizopita:

Je, siku nyingi nimekuwa na huzuni, au sioni raha katika mambo niliyokuwa nikiyapenda?

Je, nakosa usingizi hata mtoto akiwa amelala vizuri?

Je, nimepoteza hamu ya kula, ya kuoga, ya kutoka nje, ya kuonana na watu?

Je, nawapigia watoto kelele au kuwachapa kuliko zamani, kisha najuta?

Je, nahisi kwamba sina thamani, au kwamba mtoto angekuwa heri bila mimi?

Ikiwa umejibu ndiyo kwa swali la kwanza, au kwa maswali kadhaa, unahitaji mtu wa kuzungumza naye. Ikiwa umejibu ndiyo kwa swali la mwisho, usingoje kesho. Nitalirudia jambo hilo baadaye.

KWA NINI SIMU?

Utasema: mshauri nasaha nitampata wapi? Kutoka Kinango au Lunga Lunga kwenda Mombasa ni nauli ya matatu, ni kuvuka feri Likoni, ni siku nzima. Na mtoto mgonjwa nitamwachia nani?

Ndiyo maana leo tunazungumza juu ya simu. Mama wa kule Vanga anaweza kuzungumza na mshauri aliye Nairobi bila kutoka uani kwake. Tena msaada huu si lazima utoke kwa daktari bingwa. Nitakupa mifano ya mambo yaliyojaribiwa na kupimwa.

Mwaka 2006, mjini Harare, Zimbabwe, daktari wa akili Dixon Chibanda alianza kazi na akina bibi 14. Aliwafundisha kukaa na watu wenye dhiki kwenye benchi nje ya kliniki, kuwasikiliza, na kuwasaidia kulishika tatizo moja baada ya jingine. Matokeo ya utafiti wa watu 573 yalitolewa mwaka 2016. Waliozungumza na wasaidizi wa benchi walipata nafuu kubwa kuliko waliopewa huduma ya kawaida.

Hapa Kenya, pembezoni mwa Nairobi, wahudumu wa afya wa jamii walifundishwa njia ya Shirika la Afya Duniani ya kusaidia watu wenye dhiki kwa vikao 5 tu. Wanawake 421 walishiriki katika utafiti huo. Matokeo ya mwaka 2017 yalionyesha kwamba waliopata vikao hivyo walipungukiwa na dhiki kuliko wale wengine.

Na kwa wazazi hasa, huko Marekani akina mama 430 wenye watoto waliogunduliwa na saratani walishiriki katika utafiti uliotolewa mwaka 2005. Waliofundishwa hatua za kutatua matatizo katika vikao 8 walipungukiwa na huzuni na wasiwasi.

Hiyo yote ilikuwa ya ana kwa ana. Je, kwa intaneti inawezekana? Ndiyo. Nchini Lebanon, watu wenye huzuni nzito, wakiwemo wakimbizi kutoka Syria, walipewa masomo 5 kwenye simu zao, pamoja na mtu wa kuwapigia dakika 15 hivi kila wiki. Matokeo yalitolewa mwaka 2022, na huzuni yao ilikuwa imepungua. Angalia jambo moja hapo. Masomo ya kwenye simu hayakuachwa peke yake. Kulikuwa na binadamu wa kuuliza, umefika wapi, mwenzangu?

NJIA 3 ZA KUTUMIA SIMU YAKO

Njia ya kwanza ni kupiga simu. Hii haihitaji intaneti. Hata simu ndogo ya vibonyezo, ile tuitayo mulika mwizi, inatosha. Msalaba Mwekundu wa Kenya una namba 1199, ambayo haitozwi pesa, na unaweza kuomba kuzungumza na mshauri nasaha. Namba 116 ni ya bure pia. Hiyo ni ya mambo ya watoto: mtoto anayeteswa, anayenyanyapaliwa, au mlezi asiyejua afanye nini na mtoto.

Njia ya pili ni kikundi cha wazazi. Wazazi 6 au 10 wanaokutana kliniki hubadilishana namba na kuanzisha kikundi cha WhatsApp. Hapo mama wa Gazi anaandika usiku wa manane, mwanangu amelazwa, na mama wa Ukunda anamjibu, hata wangu alilazwa hivyo mwaka jana, leo yuko shule. Neno hilo, likitoka kwa mwenye mzigo kama wako, lina nguvu yake. Asiyejua kuandika anaweza kutuma ujumbe wa sauti. Siku ya kliniki, muulize nesi kama kuna kikundi kama hicho. Kama hakipo, mwombe akusaidie kukianzisha.

Njia ya tatu ni mshauri wa hospitali. Waulize wahudumu wa Hospitali ya Rufaa ya Msambweni, au ya Kwale, au ya Kinango, au zahanati iliyo karibu nawe: je, kuna mshauri nasaha hapa? Naweza kuonana naye mara moja, kisha tukaendelea kwa simu? Na mhudumu wa afya wa kijijini kwako anaweza kukuulizia.

MNAZUNGUMZA NINI KWENYE SIMU?

Akina mama wengine huogopa. Hudhani mshauri atawahubiria au atawaona wendawazimu. Sivyo. Mshauri mzuri husikiliza kwanza. Kisha kuna mambo 4 ambayo huyafundisha mara nyingi.

La kwanza ni kutuliza mwili. Keti. Legeza mabega. Vuta pumzi polepole ukihesabu moja, mbili, tatu, tumbo lijae kama puto. Toa pumzi ukihesabu vilevile. Fanya hivyo dakika chache, asubuhi na jioni. Ukilizoea wakati wa utulivu, litakusaidia wakati mtoto anapolia kwa maumivu.

La pili ni kulishika tatizo moja. Mama mwenye dhiki huona matatizo yote kama fundo moja. Mshauri humsaidia kufungua uzi mmoja mmoja. Sikiliza mfano huu tuliotunga.

(Sauti mbili.)

MSHAURI: Salaam aleikum, mama. Habari za huko?

MAMA: Aleikum salaam, dada. Huku si kwema. Kila kitu kimenishinda.

MSHAURI: Pole sana, mama. Niambie, katika hayo yote, ni lipi lililokukaba zaidi wiki hii?

MAMA: Kliniki ni Jumanne. Nauli nitapata, lakini kuna kitoto changu cha mwaka mmoja. Siwezi kubeba wawili kwenye boda boda.

MSHAURI: Basi tulishike hilo peke yake. Hebu tutaje njia zote, hata zile unazoziona hazifai.

MAMA: Nikae nyumbani, nisiende. Au nimwachie wifi yangu, ila nina haya, nilishamwomba mara mbili. Au nimwombe jirani. Au baba yao achelewe kazini siku hiyo.

MSHAURI: Vizuri. Ipi ina uzito mdogo kwako?

MAMA: Wifi. Yeye mtoto anamzoea.

MSHAURI: Utamwambia nini, na lini?

MAMA: Leo jioni. Nitamwambia, Jumanne unishikie mtoto mpaka saa nane, nami Alhamisi nitakuchotea maji.

MSHAURI: Nitakupigia Jumatano, uniambie ilikuwaje. Ikikataa, tutajaribu ile ya pili.

(Mwisho wa sauti mbili.)

Umesikia? Mshauri hakutoa pesa, wala hakumponya mtoto. Mama mwenyewe ndiye aliyetoa majibu. Lakini alipoanza alisema kila kitu kimemshinda, na alipomaliza alikuwa na jambo moja la kufanya leo jioni. Hatua ni hizo: taja tatizo moja, orodhesha njia, chagua moja, ijaribu, kisha tazama imefaulu au la. Hatua hizi unaweza kuzifanya hata na rafiki.

La tatu ni kurudia jambo dogo ulilolipenda. Ulikuwa ukisuka mkeka? Suka mistari miwili. Ulikuwa ukienda chuoni na akina mama wenzako, au kwaya? Nenda hata nusu saa. Usingoje mpaka moyo ufurahi ndipo ufanye. Anza kufanya kidogo, na moyo utafuata.

La nne ni kuongeza watu. Andika au hesabu kwa vidole: nani anaweza kukaa na mtoto? Nani anaweza kunisikiliza? Nani anaweza kunisindikiza hospitali usiku? Ukikuta hakuna hata mmoja, hilo ndilo tatizo la kwanza la kuzungumza na mshauri.

TAHADHARI 5

Simu ni kama kisu cha jikoni. Kinasaidia, na kinakata pia. Kwa hiyo shika haya.

Moja: tunza siri yako. Ikiwa simu ni ya nyumba nzima, tafuta mahali pa faragha, labda shambani au chini ya mwembe, saa ambayo watu hawako. Patana na mshauri neno la kujikinga. Kwa mfano, ukisema, bei ya nazi imepanda, ajue kuna mtu ameingia na mbadilishe mazungumzo. Ukimaliza, futa ujumbe ikiwa unaogopa kusomwa.

Mbili: mtunzie mtoto heshima. Usitume picha yake akiwa amelazwa, wala picha ya kadi ya kliniki yenye jina lake, kwa watu usiowajua. Picha ikishatoka hairudi. Mtoto huyo atakuwa mkubwa.

Tatu: jihadhari na matapeli. Kuna wanaotuma ujumbe wakisema wana dawa ya chupa ya kumaliza siko seli, tuma pesa kwa M-Pesa. Usitume. Ni kweli kwamba ulimwenguni kuna matibabu yanayoweza kuuondoa ugonjwa huu kwa baadhi ya wagonjwa. Kuna kupandikiza uroto wa mifupa. Na mwishoni mwa 2023, Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba ya kurekebisha chembe za urithi. Lakini hayo hufanywa katika hospitali kubwa na kwa gharama kubwa mno. Hayaji kwa chupa wala kwa boda boda. Mshauri wa kweli hauzi dawa, na hakuambii uache dawa za kliniki.

Nne: usijilinganishe. Katika kikundi, mtoto wa mwenzio anaweza kuwa hajalazwa mwaka mzima, na wako amelazwa mara 3. Ugonjwa huu haufanani kwa kila mtoto. Na siku kikundi kikiwa na habari ya msiba, una ruhusa ya kuweka simu chini na kupumua.

Tano, na hili ndilo kubwa kuliko yote: simu si hospitali. Mtoto mwenye siko seli akiwa na homa, usiandike kwenye kikundi ukangoja jibu. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo, usiku au mchana. Mpeleke pia akipumua kwa shida au kifua kikimuuma, akiparara midomo na viganja, bandama likivimba chini ya mbavu za kushoto, maumivu yakikataa kutulia kwa dawa, au upande mmoja wa mwili ukilegea, au asipoweza kusema vizuri. Mtoto mwenye kifafa akipata degedege la zaidi ya dakika 5, hiyo pia ni safari ya hospitali. Ukiwa njiani, hapo ndipo uwaandikie wenzako wakuombee.

IKIWA MAWAZO YA KUFA YANAKUJIA

Mama, sasa narudi kwa lile swali la mwisho. Kuna mama anayesikiliza sasa hivi ambaye amewahi kufikiri, afadhali nife. Au amefikiri, afadhali sote wawili tupumzike, mimi na mtoto. Hajamwambia mtu, kwa sababu anaona haya, au anaogopa kushitakiwa.

Nakuambia wewe. Mawazo hayo huwajia watu wengi waliochoka kupita kiasi. Ni dalili ya ugonjwa, na ugonjwa huo unatibika. Kusema hakukupeleki jela. Mwezi Januari 2025, Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba sheria iliyofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai ni kinyume cha Katiba. Anayehitaji msaada apewe msaada.

Kwa hiyo fanya mambo 3. Mwite mtu mmoja aje akae nawe, sasa hivi, usikae peke yako. Mpe mtu mwingine dawa na sumu zote zilizomo nyumbani azitoe. Kisha piga 1199, au nenda hospitali iliyo karibu, umwambie nesi maneno haya haya: nina mawazo ya kujidhuru. Na wewe unayeambiwa na mwenzio, usimkemee, usimwambie ana dhambi. Kaa naye. Msindikize.

NENO KWA BABA NA MAJIRANI

Baba, shika mtoto usiku mmoja kwa wiki ili mama alale. Jua majina ya dawa zake. Mnunulie mkeo pesa za simu bila kumuuliza kila mara anazungumza na nani. Na wewe baba pia una moyo. Namba hizo ni zako vilevile.

Jirani, usiulize tu, mgonjwa anaendeleaje? Uliza pia, nawe mama, umelala? Kisha chukua ndoo, ukachote maji.

Imamu, mchungaji na mzee wa mtaa, mkimwambia mama asubiri, mwambieni pia atafute msaada. Subira haimkatazi mtu kuuliza njia.

TUKUMBUKE

Kuchoka kwa anayeuguza si kosa, na si udhaifu.

Siko seli hurithiwa kutoka kwa wazazi wote wawili, na haumlaumu yeyote.

Simu ya kawaida inatosha kuanza: 1199 kwa ushauri nasaha, 116 kwa mambo ya watoto. Zote ni bure.

Lishike tatizo moja kwa wiki moja.

Homa ya mtoto mwenye siko seli ni ya hospitali, si ya simu.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KATIKA KIKUNDI CHA AKINA MAMA

1. Katika kijiji chetu, ni mama gani anayeuguza ambaye hatujamtembelea mwezi huu? Nani atakwenda?

2. Tukianzisha kikundi cha simu, tutaweka kanuni gani za kutunza siri?

3. Ni mahali gani hapa petu ambapo mama anaweza kuzungumza kwa simu bila kusikilizwa?

4. Kila mmoja ataje tatizo dogo moja, na wenzake watatu wamtajie njia za kulitatua.

Mama msikilizaji, wakati wetu umekwisha. Leo usiku, mtoto akishalala, kabla hujalala nawe, iandike namba 1199 ukutani kwa mkaa, au mwambie mtoto wa shule akuandikie kwenye daftari. Labda hutaihitaji wewe. Labda ataihitaji jirani yako.

Kwa leo ni hayo. Kwaherini, na mtoto apate nafuu.

(Muziki wa kufungia.)